Mkono wa Mama

Kosa lake alilifanya kabla hata hajakaa. Msajili wa chuo alikuwa amepanga vyeti saba juu ya meza, akauliza kwa upole, "Mama Kalamu, mwandiko huu ni wako?" Yeye akatupa jicho mara moja tu. Hakusoma jina hata moja. Aliona zile herufi nyembamba zilizoshikana mikono, mikia ya y iliyojikunja, k zinazoinama kidogo kulia kama mtu mwenye adabu, akajibu kwa kujidai, "Wangu, bwana msajili. Nani mwingine ataandika hivi?"

Msajili akaliandika jibu hilo neno kwa neno. Kisha akafungua daftari kubwa la wahitimu, akaligeuza limwelekee. "Basi tusaidie, mama. Majina haya saba hayamo humu. Hawa watu hawajasoma chuo hiki hata siku moja. Wamekutwa kwenye hospitali mbalimbali wakiomba kazi ya uuguzi, na mmoja alishaanza kuchoma watu sindano."

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa akiandika majina ya wahitimu kwa kalamu ya kuchovya, cheti kimoja kimoja, na chuo kizima kilijivunia jambo hilo. Wageni walionyeshwa vyeti kama wanavyoonyeshwa bustani. Alilipwa kwa cheti, na malipo ya msimu mmoja wa mahafali yalitosha kodi ya nyumba mwaka mzima. Jina la Mama Kalamu alipewa na wanafunzi, likamganda. Akanyoosha mkono asogeze cheti cha kwanza karibu na macho.

"Usishike," msajili akasema. "Ni ushahidi."

Kijana huyu angeweza kuwa mwanawe wa kwanza, na cheti chake mwenyewe, kile kilichotundikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, alikiandika yeye. Lakini hapakuwa mahali pa kumkumbusha.

"Kamati itakaa Ijumaa saa nne," msajili akaendelea. "Uje na maelezo. Kwa sasa naomba ufunguo wa kabati."

Ufunguo aliuning'iniza shingoni kwa uzi, na fundo likagoma kufunguka. Msajili alisubiri mkono ukiwa wazi, anaangalia dari, hadi mama akaukata uzi kwa meno. Getini nako mlinzi, aliyemwita shangazi siku zote, akaomba kuona mkoba. Akatoa chupa ya wino, kitambaa, nusu ya mkate.

"Samahani, shangazi. Nimeagizwa."

"Pekua tu, mwanangu. Ukikuta cheti chako humo, ujipongeze."

Mlinzi hakucheka. Hilo ndilo lililomuuma njia nzima.

*

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kufungua mashine za watu na kuzifunga huku anapiga soga. Alisikiliza habari yote bila kuacha kutia mafuta, jambo lililomuudhi mkewe kuliko habari yenyewe.

"Yaani umeulizwa kama mwandiko ni wako, ukakubali kabla ya kusoma?"

"Ulikuwa wangu."

"Hata mwizi wa kuku huuliza kwanza ni kuku gani."

"Mimi sijaiba kuku."

"Ndiyo maana hukujua kuuliza." Akaweka chini kopo la mafuta. "Kikulacho ki nguoni mwako, mke wangu. Aliyefanya hivi anakujua, tena anakujua vizuri. Mtafute ofisini humo humo."

Binti yao alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka kazini. Alifanya kazi kwenye duka la uchapishaji, kutengeneza kadi, stika na mabango, na kwa kawaida akirudi hujaza nyumba kwa vituko vya wateja. Leo aliuliza kuna nini, akaelezwa, akasema pole mama, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Walipokaa kula, mama alikuwa bado anahesabu siku na marundo ya karatasi. Msimu wa mahafali aliandika vyeti themanini kwa siku. Ofisi ilileta orodha, yeye akafuata orodha. Mtu akipenyeza karatasi saba katikati ya rundo, nani angejua?

"Huenda niliviandika kweli," akasema. "Mkono ukishachanganya kazi, mimi sisomi. Naandika tu."

"Acha hizo," mumewe akasema.

Lakini hofu yake ilikuwa hiyo hasa. Hakuogopa kwamba amesingiziwa. Aliogopa kwamba wanasema kweli.

*

Kesho yake nyumbani hakukukalika. Alikwenda sokoni akarudi na kapu tupu. Akaenda tena kufuata alichosahau, akakisahau tena, na kwa kuwa aibu ya kurudi mara ya pili mikono mitupu ilimzidi, akapita mtaa wa maduka ili arefushe njia. Mbele ya saluni moja akasimama ghafla, mtu wa nyuma yake nusura amkanyage.

Kwenye kioo cha saluni paliandikwa: Karibu Upendeze. Kwa mwandiko wake. K iliinama kulia, mkia wa b ulipanda na kushuka, p ilifungwa kwa kile kitanzi chake alichojizulia mwenyewe ujanani. Akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

Mwenye saluni akatoka na kitana mkononi. "Mama, kama unataka kusukwa, ingia. Kama unajiangalia, tafadhali usiegemee hapo, nimefuta sasa hivi."

"Nani amekuandikia hapa?"

"Hapo? Duka la uchapishaji la pale kona."

"Alikuja mtu akaandika kwa mkono?"

"Mkono wa nini siku hizi, mama? Hiyo ni stika. Unachagua mwandiko kwenye kompyuta, wanakata, wanabandika." Mwenye saluni akalegeza sauti, maana mteja hajulikani anavyoanza. "Fonti hii inaitwa Mkono wa Mama. Inapendwa hiyo. Angalia tu mtaa mzima."

Akaangalia. Boksi la keki kwenye dirisha la muoka keki. Mfuko wa duka la nguo za watoto wachanga. Lebo za chupa ndogo za manukato, zimepangwa safu tatu. Studio ya picha, kwenye fremu za harusi. Ukweli usemwe: kilichomjia kwanza kilikuwa furaha. Aliona uzuri wa kazi yake kwenye vitu vizuri, na moyo ukachanua kabla akili haijafika. Akili ilipofika, ikamkumbusha kwamba duka la kona ndilo analofanyia kazi mwanawe.

*

Dukani kulikuwa na foleni, naye akapanga foleni. Mbele yake walisimama wachumba wawili waliokuja kuchagua kadi za mwaliko, na mbele yao binti yake, ameipa foleni mgongo, macho kwenye kompyuta.

"Turudishie ule mwembamba," bibi harusi akasema.

Binti akabonyeza, majina ya wachumba yakajitandaza kwenye skrini kwa mwandiko wa mama yake.

"Ni mzuri," bwana harusi akasema, "ila hauonekani wa kizee?"

"Ni wa heshima," binti akajibu. "Unafaa kwa majina tu, tena makubwa, yapate nafasi ya kupumua. Maneno ya chini tunaweka herufi za kawaida ili wazee wasome bila miwani. Kwa bango la barabarani singekushauri, ungepotea. Huu ni mwandiko wa kitu unachokishika mkononi."

Mama alisikiliza. Miaka yote aliyoandika, hakuna mtu aliyewahi kumweleza mwandiko wake vizuri namna ile. Ndipo binti akageuka kuchukua karatasi kwenye printa, akamwona.

Walitoka nyuma ya duka, penye mifuko ya vipande vya karatasi zilizokatwa.

"Zile karatasi," mama akaanza. "Ulinipa niandike herufi moja moja, kubwa na ndogo. Ulisema unajifunza."

"Nilikuwa najifunza kweli. Nilizipiga picha, nikazichora upya kwenye kompyuta moja moja, miezi minne. Nilitaka nikupe siku yako ya kuzaliwa."

"Siku za kuzaliwa zimepita mbili."

"Bosi aliiona kabla. Akaiweka kwenye kompyuta zote, halafu akaanza kuiuza kwenye flashi kwa yeyote anayetaka. Nikaogopa kukwambia. Na kila siku nikaogopa zaidi kwa sababu ya jana yake."

"Na hivyo vyeti?"

"Sijavichapa mimi, mama. Naapa kwa Mungu. Lakini mwenye flashi yoyote anaweza."

"Umenichukulia mkono, mwanangu."

"Nilitaka usipotee." Binti alikuwa analia sasa, bila kujifuta. "Kila kukiwa na baridi unasema vidole vinauma. Nikajiambia, hata vikigoma siku moja..."

Bosi akaita kutoka ndani kwamba wateja wanasubiri, na kwamba habari za nyumbani zibaki nyumbani.

*

Mume alipoelezwa, aliweka bisibisi chini kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nilisema kikulacho ki nguoni," akasema polepole, "ila sikukusudia nguo hii."

Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Mama akinyamaza, yeye ndiye mghushi, maana alishakubali mbele ya msajili kwamba mwandiko ni wake. Akisema kuna mashine, swali linalofuata ni nani aliyeitengeneza, na jibu limekaa hapa mezani, limevimba macho.

"Nitasema sijui," mama akaamua.

"Hujui nini, wakati umeshakubali?" binti akauliza. Alikuwa ameleta karatasi aliyochapa kazini, majina ishirini ya kubuni kwa Mkono wa Mama. Akaitandaza. "Angalia mwenyewe. Ungejuaje kwamba si wewe?"

Mama akavaa miwani. Alikaa na karatasi ile kwa muda mrefu, akaipeleka dirishani, akairudisha, akaenda jikoni, akarudi. Mwisho akaweka kidole. "Hii a na hii a. Ni moja."

"Ndiyo. Kuna a moja tu."

"Moja tu? Kwa majina yote?"

"Mashine inairudia hiyo hiyo, mama."

Akashika kifua. Kwake yeye a ya mwanzo wa jina husimama na a ya mwisho hukaa, na ya katikati hubana kidogo ili wenzake wapite, na hakuna hata moja aliyowahi kuandika mara mbili. Hakujua kama ni ufundi au ni udhaifu. Alijua tu kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba papo hapo, alipochukua kalamu akajaribu kwa makusudi kuandika a mbili zinazofanana, alishindwa mara arobaini.

"Basi nitawaonyesha hilo," akasema, "na nitakomea hapo."

"Hawatakuacha ukomee hapo. Nakuja na wewe kesho," binti akasema. "Maji nimeyavulia nguo, lazima niyaoge."

*

Kamati ilikuwa ya watu watatu: mkuu wa chuo, mhasibu na msajili. Hakuna aliyewakaribisha kukaa, kwa hiyo mama na binti wakabaki wamesimama karibu na mlango. Mama akaomba vyeti viwili kati ya vile saba vibandikwe kwenye kioo cha dirisha, kimoja juu ya kingine.

"Ni ushahidi," msajili akasema.

"Ndiyo maana nauomba," mama akajibu.

Mkuu akaashiria kwamba apewe. Alichagua vyeti viwili ambavyo majina yake yaliishia kwa herufi tatu zilezile. Mwanga wa saa nne ukapenya karatasi zote mbili. Akavisogeza kidogo kidogo, na zile herufi tatu zikazama kwenye zile za cheti cha chini zikatoweka, pasibaki hata unywele wa tofauti. Kisha akaomba vyeti viwili vya kweli, vya mwaka uliopita, akafanya vilevile. Herufi zilikataa kulaliana. Zilionekana kama watu wawili wanaogombea shuka moja.

"Mkono haujirudii," akasema. "Hata ukiuamuru. Vile saba havikuandikwa na mtu."

Binti akasogea mbele, akaeleza yaliyobaki: karatasi, miezi minne, bosi, flashi. Hakujitetea popote. Alipomaliza, mkuu wa chuo akainuka, akazunguka meza yote, akampa mama mkono. "Tumekukosea, mama. Tusamehe." Vikaletwa viti, na chai. Mama akakishika kile kikombe kwa mikono miwili, akahisi wiki nzima inamtoka mabegani. Hakupata kunywa nusu.

"Hiyo fonti," mhasibu akamuuliza binti. "Kuandika jina moja na kulichapa, inachukua muda gani?"

"Nusu dakika," binti akasema, akatamani kuirudisha kauli mdomoni.

Hakuna aliyeuliza mama anatumia muda gani. Wote walijua: dakika sita.

"Lakini ndiyo iliyotumika kughushi," msajili akasema.

"Walioghushi wameshaighushi kalamu. Kwa hiyo kalamu haitulindi tena. Tuweke muhuri ule wa kung'aa, huo hawauwezi." Mhasibu hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia mama kwa upole wa kweli. "Mama yetu naye apumzike sasa. Amefanya kazi kubwa sana."

Wakatikisa vichwa kwa pamoja, kwa heshima, kama watu wanaomsifu marehemu. Mama alikuwa ameingia chumba kile akiwa mtuhumiwa mwenye kazi, na sasa anatoka msafi, hana kazi. Aliyeyathibitisha yote hayo ni yeye mwenyewe, kwa kidole chake, kwenye kioo.

*

Jumatatu bosi wa duka akamfukuza binti kwa kumwaga siri. Jumanne chuo kikamchukua kwa majaribio: achape vyeti mia nne na kumi na viwili kabla ya mahafali, na vikitoka vizuri atapewa nafasi ya kudumu katika ofisi ya msajili. Nyumba ile ilikuwa haijawahi kuona mshahara wa mwezi, maana hata dukani binti alilipwa kwa siku. Mama alimpongeza mwanawe, na alimaanisha, na ilimuuma, vyote viwili kwa wakati mmoja, wala kimoja hakikupunguza kingine.

Siku zilizofuata alikosa pa kuiweka mikono yake. Alipanga makabati akayapangua. Aliandika pembezoni mwa magazeti. Alifuta madirisha.

"Ukiendelea kulifuta hilo," mumewe akamwambia, "tutabaki na tundu."

Jumatano ya wiki ya mahafali, kabla ya saa sita, binti akaingia na bahasha. Hakuvua hata viatu.

"Mama, fonti haina Q wala X."

"Imekosaje?"

"Uliandika alfabeti tuliyofundishwa shule. A, be, che, de. C nayo niliikata kwenye che. Q na X hazimo, na mimi sikuziomba. Dukani, mtu wa jina la namna hiyo tulimpa mwandiko mwingine tu." Akatoa karatasi nyeupe. "Wahitimu kumi na moja. Wanane wa Q, watatu wa X. Nilijaribu kuzichora mwenyewe, msajili akasema zinaonekana ngeni. Kesho asubuhi zisipokuwepo, anachukua fonti nyingine ya bure kwa vyeti vyote. Na mimi hatanihitaji tena."

"Sasa unataka nini?"

"Herufi mbili. Kubwa na ndogo. Nimekuja kukuomba."

Baba akaingilia kati. "Usiwape. Waje wenyewe kwa miguu yao, wavue viatu mlangoni."

"Na mtoto je?" mama akauliza.

Baba akarudi kwenye cherehani yake.

Mama akaenda jikoni. Akarudi. Akaenda tena. Akizitoa herufi hizo, mashine imekamilika, na hakuna mtu chini ya jua atakayemhitaji tena kwa lolote la kalamu. Akizizuia, mwanawe anakaa naye hapa wafute madirisha wawili. Halafu, akiwa amesimama katikati ya mlango, akakumbuka makabati ya chuo. Mle ndani mna nakala za vyeti vya miaka kumi na tisa. Q humo ni tele, na X si haba. Binti ana ufunguo sasa. Angeweza kuzipiga picha asubuhi ileile, akazichora kwa kufuatisha, wala mtu asijue.

"Ungezipata kwenye nakala za zamani," akasema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Mama akavuta kiti. Q ya kwanza aliiandika vibaya kwa makusudi, ili roho itulie, lakini hakuweza kuitazama, akaichana. Akaandika nne kubwa na nne ndogo, kila moja na mkia wake. Binti akazipokea, akasubiri. Mama akaifuta kalamu kwa kitambaa.

"Na X?"

"X sikupi."

"Mama."

"Wa Q ni wanane, nimekupa, kazi yako iendelee. Wa X ni watatu. Hao nitawaandika mimi, chuoni, chumba kilekile, meza ya dirishani. Mwambie msajili, na bei ni ileile."

"Atakataa."

"Atachapa upya vyeti mia nne kwa ajili ya watu watatu? Mhasibu atamla mzima mzima."

"Na mwakani?"

"Mwakani watakuja wengine. Wazazi hawajaacha kutafuta majina ya ajabu."

Kutoka kwenye cherehani baba aliangua kicheko hadi parafujo ikamdondoka, akaanza kuitafuta sakafuni huku bado anacheka. Binti hakucheka. Alimtazama mama yake, akaitazama karatasi, akaikunja mara mbili. Nakala za zamani walikuwa wanazijua wote wawili, na safari hii aliyenyimwa alikubali kunyimwa.

"Nitamwambia msajili," akasema, "kwamba X haichoreki."

*

Ijumaa msajili mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Juu ya meza palikuwa na rundo la vyeti mia nne na tisa, vimenyooka, vinang'aa mihuri. Mama akachukua cha juu akakisoma jina, herufi kwa herufi. Ilikuwa kazi safi, na akasema hivyo, maana ilikuwa ya mwanawe. Kando yake vililala vitatu visivyo na jina.

Nje watu wa mapambo walikuwa wanapitisha viti na maua, na kila aliyepita alichungulia. Msajili aliangalia saa yake, akairudisha chini ya mkono wa shati.

"Mama, chumba hiki kinahitajika kwa maandalizi. Ni watatu tu. Nadhani hatutachukua muda?"

Mama Kalamu akasogeza meza kidogo ili mwanga uje kutoka kushoto. Akafungua kitambaa, akatoa kalamu, akafungua chupa ya wino.

"Tutachukua asubuhi nzima, mwanangu," akasema. "Nifungie mlango."